Hodi Kwenye Kontena

Nyinyi vijana mnaonipigia simu, "Mzee Magesa, tuna mteja anahama Mwanza anakwenda mkoa wa mbali, tumshauri achukue kontena au akodi Fuso?", leo nawajibu wote kwa pamoja, maana nimechoka kurudia. Ila sitawajibu kwa neno moja kama mnavyopenda. Nitawajibu kwa kisa. Na niwaambie mapema, kisa chenyewe mpaka leo kikinijia nikiwa nakunywa uji, naweka kikombe chini kwanza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mkerewe wa Nansio. Nilivuka ziwa kuja mjini nikiwa na mgongo wa kubeba friji peke yangu, nikastaafu kazi ya kuhamisha watu nikiwa nainuka kwenye kiti kwa awamu. Hapo katikati nimehamisha walimu, manesi, mapadri, wauza samaki, na bwana mmoja aliyemhama mkewe wakati mkewe yuko kanisani. Huyo baadaye nilimrudishia vyombo vyake nyumba ile ile, akapanga kila kitu kwa mikono yake huku mama amesimama mlangoni.

Kazi nilifundishwa na Mzee Shabani, mzaliwa wa mjini hapa hapa, mama Mnyamwezi, baba Mmanyema. Alikuwa mkali bila kelele. Ukifunga fundo vibaya hakutukani. Analifungua, anakurudishia kamba mkononi, anakwenda kuvuta sigara yake pembeni. Kwake nilijifunza kwamba kioo husafiri kimesimama, hakilazwi kamwe. Friji iliyolala njiani haiwashwi siku inapofika, iache ipumzike kwanza. Sahani zifungwe kwenye nguo za mwenye nyumba, maana nguo zinakwenda huko huko. Na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli unaishinda kamba, kwa sababu barabara ikitikisa, mpira unavutika halafu unarudi, kamba inalegea tu.

Lakini Mzee Shabani alikuwa na jambo moja lililonifanya nione ana kichaa kidogo. Lori likishajaa, kabla hatujavuta turubai, anatunyamazisha wote. Anausogelea ubavu wa lori, anaupiga kwa kiganja, anasema kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, "Hodi humu ndani!" Anasubiri. Anatega sikio. Anarudia. Halafu ndiyo anasema, "Haya, fungeni."

Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza, "Mzee, unawapigia hodi makabati?"

Akasema, "Cheka. Siku watakapokuitikia utanitafuta."

Na wakaitikia. Tulikuwa tunamhamisha mwalimu kutoka Kisesa, hodi ikapigwa, na ndani ya kabati la nguo kuku akajibu kwa hasira. Alikuwa ameatamia mayai mle ndani, na mwenyewe mwalimu hakujua kwamba ana kuku anayetaga kabatini. Mara nyingine, siku Mzee Shabani hakuwepo na sisi tukajiona wajanja, mwenzetu mmoja aitwaye Masalu alijilaza kwenye sofa lililokwisha kupakiwa, akachukuliwa na usingizi, tukamfungia. Aliamkia Shinyanga. Dereva anasema alifungua turubai akaona kichwa kinachomoza katikati ya matakia, kikamuuliza kama chakula cha mchana kimeshafika. Tulimcheka Masalu mwaka mzima, yeye mwenyewe akiongoza kucheka. Hatukujua kwamba tunachekea kitu ambacho siku moja kitatutoa machozi.

Sasa turudi kwenye swali lenu. Fuso ya kukodi ina uzuri wake. Inaingia mitaa ya milimani ambako nyumba zimepandana na mawe. Inafika mlangoni, inaondoka leo leo, na ukiwa na haraka hakuna kama hiyo. Ila muulize dereva jana alibeba nini. Msipouliza swali lolote lingine, ulizeni hilo! Nilimhamisha nesi mmoja kutoka Nansio kwenda Dodoma kwa Fuso iliyokuwa imetoka kushusha dagaa. Tuliifagia, tuliimwagia maji, tukajidanganya. Yule dada alinipigia simu kutoka Dodoma, sauti inatetemeka kwa ghadhabu: "Mzee Magesa, paka wa mtaa mzima wako kwangu. Wanalamba godoro!" Sikujua niseme pole au nicheke, nikasema yote mawili.

Kontena nalo lina uzuri wake. Linaletwa, linawekwa uani kwako, unapakia taratibu, leo masufuria, kesho vitanda, na hakuna dereva aliyesimama mlangoni anaangalia jua na kuhema. Mvua hailigusi, mwizi wa njiani halitoboi. Lakini lile gari la kulibeba ni refu na lina maringo. Kona nyembamba haliitaki, na huko uendako lazima kuwe na mahali pa kuliteremsha. Tena chuma kinatoa jasho. Ukifunga vitu vibichi ndani, utafungua ukute viatu vimeota ndevu. Jua la mchana nalo likilipiga, humo ndani kunakuwa tanuri. Sahani hazijali tanuri. Sahani hazina roho.

Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mathias namjua siku nyingi. Ni Msukuma wa Magu, mtumishi wa serikali, mpole. Miaka ya nyuma nilimhamisha yeye na mama yake, Bibi Kabula, kutoka kijijini kwao kuja Nyakato, kwa lori la wazi. Bibi alikataa kukaa mbele na dereva. Alikuwa na kiti chake cha mbao chenye mikono, kazi ya marehemu mumewe, kimekaliwa mpaka kimeng'aa. Akaamuru kipandishwe juu ya mzigo, akapandishwa na yeye, akafungua mwavuli.

Nikamwambia, "Bibi, utaanguka."

Akanijibu, "Wewe Mkelewe, mwenye vyombo anasafili na vyombo vyake. Vikianguka, tutaanguka wote."

Basi tulisafiri hivyo mpaka Nyakato, Bibi juu na mwavuli wake, watu wa barabarani wanatupungia kama msafara wa harusi. Nakumbuka nilifurahi sana siku ile.

Mwaka jana, mimi nimeshastaafu, Mathias akapata uhamisho kwenda Songea. Akaja kwangu na swali hilo hilo lenu, kontena au Fuso. Nilitazama mambo yake: safari ndefu, mvua njiani, uani kwake Nyakato kuna nafasi, barabara ya kwake ni pana kwa ajili ya magari ya viwandani, na huko Songea kuna uwanja. Nikamwambia achukue kontena. Na ushauri ule mpaka leo sijaona kosa lake, muusikie vizuri.

Likaletwa na kampuni moja changa. Nilikwenda kuliona. Mathias alikuwa amefurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Akaingia, akatoka, akaingia tena. "Mzee, hili halina kupanda! Limekaa chini kama nyumba. Hata mama anaweza kuingia na kikombe chake cha uji asimwage tone." Tukacheka. Bibi Kabula alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti chake anatutazama. Umri ulikuwa umempunguza mwili, na sikio moja lilikuwa limeanza kuchagua la kusikia, lakini macho yalikuwa yale yale.

Siku ya kufunga mzigo sikuwa na kazi pale. Nilikwenda kuaga tu. Nilifika jua limeshapanda, mlango wa kontena umefungwa, kufuli kubwa linaning'inia. Mke wa Mathias, Mama Neema, alikuwa anafagia nyumba tupu. Msimamizi wa wapakiaji, kijana anaitwa Erasto, alikuwa kivulini na wenzake wanasubiri gari la kulibeba kontena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mathias yuko wapi?"

"Amekwenda Kisesa na gari dogo kuaga mashangazi. Ameondoka na funguo."

Nikamsalimia Mama Neema, tukaulizana hali, halafu nikasema lile ambalo mtu yeyote aliyefundishwa na wazazi wake angesema. Sikuwa na wazo lolote kichwani ila adabu. Nikasema, "Bibi yuko wapi nimpe shikamoo yake?"

Mama Neema akasema, "Si ameondoka na Baba Neema?"

Erasto akasema, "Hapana mama, bosi ameondoka peke yake. Mimi ndiye niliyemfungulia geti."

Mama Neema akasimama na ufagio mkononi. Akampigia mumewe simu, na tulimsikia Mathias wote kwa jinsi alivyojibu kwa sauti: "Mama? Si yuko hapo nyumbani na nyinyi?"

Tukatawanyika. Mmoja kwa jirani, mmoja kanisani, mmoja barabarani kuuliza waendesha bodaboda. Mtaa mzima ukawa unaita "Bibi! Bibi Kabula!" Tuliita kwenye choo, tuliita nyuma ya ukuta, tuliita tukiwa tumeegemea lile kontena lenyewe. Mama Neema alianza kuzungumza peke yake. Alishafikiria barabara ya magari makubwa, na mimi nilishaifikiria kabla yake, sikutaka tu kuitaja.

Nikamshika bega. Nikamwambia, "Mwanangu, tulia. Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Wapakiaji walikuwa wanakula. Mama alikuwa amesimama hapa uani, juani. Nikamwambia, Mama, jua kali, ingia ndani ukakae kwenye kiti chako." Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Nikarudi jikoni kuosha sufuria la ugali."

Nikatazama ndani ya nyumba. Mlango ulikuwa wazi mpaka nyuma. Sakafu tupu, kuta tupu, msumari wa kalenda bila kalenda. Hapakuwa na kiti hata kimoja.

Nikamgeukia Erasto. "Kiti cha bibi kiko wapi?"

Alitazama kontena. Wenzake wakatazama kontena. Na mimi nikalitazama, limetulia pale juani, mabati yanameta.

"Mlipiga hodi?" nikamuuliza Erasto.

"Hodi wapi, mzee?"

"Kabla ya kufunga. Mlipiga hodi?"

"Kwenye... kwenye mizigo?"

Nilikwenda kwenye ubavu wa kontena, nikalipiga kwa kiganja, na lilikuwa la moto nikaondoa mkono haraka. Nikapiga tena. Nikasema kama Mzee Shabani alivyokuwa akisema, kwa adabu, maana katika hofu ile sikujua namna nyingine ya kusema: "Hodi humu ndani!"

Kimya. Gari moja likapita barabarani, nikalilaani. Nikaweka sikio karibu na chuma. "Hodi!"

Na kutoka ndani kabisa, nyuma ya magodoro na makabati, sauti ndogo, kavu, ya mwenye nyumba aliyechoka lakini anajua wajibu wake, ikasema:

"Kalibu."

Loo! Mama Neema alikaa chini vumbini hapo hapo. Erasto alishika kichwa kwa mikono miwili akawa anazunguka mahali pamoja. Kijana mmoja alianza kulivuta kufuli kwa mikono mitupu, analivuta na kulia. Mimi nilibaki nimekodoa macho kwenye bati kama nitaona kupitia humo.

Mathias na funguo yuko Kisesa, na Kisesa si mbali, lakini kwa mtu aliye ndani ya tanuri hakuna mahali pa karibu. Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kuchomelea, mama mmoja mnene wa Kijaluo, kila mtu anamwita Mama Achieng. Erasto alikimbia, akarudi naye na grenda yake ya kukatia chuma, waya wa umeme unaburuzwa nyuma. Mama Achieng hakuuliza maswali mengi. Aliinama akatazama kufuli, akavaa miwani yake.

Nikamshika mkono. "Subiri! Mlangoni kuna nini?"

Erasto akasema, "Magodoro. Tumeyasimamisha yote mlangoni."

Mnaelewa? Cheche za grenda, magodoro, na bibi nyuma yake. Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri kwa utulivu. Sikufikiri. Nilipiga kelele nikitaka maji, blanketi, magunia, chochote cha kulowesha. Majirani walitoka na ndoo. Tukalowesha magunia, tukayasokomeza kwenye upenyo wote wa mlango na nyuma ya kufuli, wanawake wakawa wanamwaga maji bila kukoma pembeni ya mkono wa fundi. Mama Achieng akasema, "Nyie mwageni tu, mkiniunguza na umeme mtanizika vizuri." Wakamwaga pembeni zaidi. Grenda ikalia. Katikati ya yote hayo gari la kulibeba kontena likaingia kona ya mtaa, linapiga honi kwa furaha, dereva anatabasamu, hajui lolote.

Nilimtazama yule dereva. Angefika mapema kidogo, Mama Neema angebaki anadhani bibi yuko na mumewe, na Mathias anadhani bibi yuko na mkewe. Wangejua watakapokutana jioni. Na kontena lingekuwa wapi jioni? Nimeshaimaliza sentensi hiyo mara nyingi usiku nikiwa kitandani, na kila nikiimaliza nainuka kukaa.

Kufuli likaanguka. Tukavuta nondo za kufungia mlango, milango ikafunguka, joto likatupiga usoni. Tukayaangusha magodoro. Nyuma yake, pembeni ya kabati, kwenye nafasi ndogo waliyoiacha ili kabati lisikwaruzwe, alikuwa Bibi Kabula. Amekaa wima kwenye kiti chake. Mkoba mapajani, mwavuli umekunjwa mkononi. Kitenge kimeloa chote, midomo imekauka, macho amefumba nusu. Alituona, akakusanya nguvu, akauliza:

"Tumefika?"

Nawaambia ukweli, nimeona gari likipinduka na vyombo vya watu vikimwagika kwenye mteremko, nimeona piano ya misheni ikiporomoka ngazi, na mambo hayo sikulia. Neno lile lilinimaliza.

Hatukumtoa kwenye kiti. Erasto na wenzake walikishika kiti miguu minne na yeye juu yake, wakambeba mpaka barazani kwa jirani. Tulimpa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, tukamkanda kwa kitambaa kibichi, halafu bajaji ikampeleka zahanati wakamtundikia dripu. Mathias alimkuta huko. Sitawasimulia Mathias alivyolia. Yule ni mtu mzima na ana heshima zake.

Aliporudi kutoka zahanati, amelazwa mkekani na mto wa jirani, Bibi alikuwa na hasira, na hasira kwa mgonjwa ni dalili nzuri. Tukamzunguka. Mama Neema akamuuliza, kwa upole, aliingiaje.

"Wewe si umeniambia niingie ndani nikae kwenye kiti changu? Nimekitafuta nyumbani hakipo. Nimekiona kule. Nikaingia, nikakaa." Alimtazama mkwewe kama anamfundisha mtoto. "Kwani mwenye vyombo anasafili na nani?"

"Mama, waliposimamisha magodoro hukuwaambia kwamba upo?"

"Nikajua mnanikinga na upepo."

Mathias akauliza, "Na joto lote lile, Mama, hukuona kwamba gari haliendi?"

Hapo Bibi akaupanga mto wake. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa tayari kuisifu serikali, "Nilisema balabala za siku hizi zimekuwa nzuli. Haitikisiki hata kidogo."

Mungu anisamehe, tulicheka. Tulicheka na machozi yanatoka, Mama Achieng akapiga paja lake, hata yule dereva wa gari refu aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka. Aliyebaki bila kucheka alikuwa Erasto. Alipiga magoti karibu na mkeka akasema, "Bibi, tuliita mtaa mzima. Niliita nikiwa nimeegemea pale pale ulipo. Kwa nini hukuitika?"

Bibi Kabula akamgeukia.

"Nilisikia makelele ya watu," akasema. "Makelele ya mtaani utayaitikia yote? Hodi ndiyo inaitikiwa. Hodi ilipigwa, nikaitika."

Erasto akainamisha kichwa. Na mimi nilimkumbuka Mzee Shabani na kiganja chake, na jinsi nilivyokaa chini nikicheka.

Mathias alitaka kulifukuza kontena. Alisema hataki kuliona, aletewe Fuso, aletewe hata mkokoteni. Nilimkatalia. Nikamwambia kontena halikukosa, limebeba ulichokipakia na limekaa ulipoliweka. Kwa safari ya Songea bado ndilo zuri. Nanyi nawaambia hivyo hivyo. Kama vyombo ni vingi, safari ni ndefu, na barabara inaruhusu, chukueni kontena. Kama mteja yuko mlimani, au ana haraka, kodini Fuso, na mnuse kwanza. Lakini mjue tofauti moja ambayo wauzaji hawaisemi. Kwenye lori la turubai mtu akikohoa, aliye nje anasikia. Kontena likishafungwa, aliye nje hasikii kitu mpaka abandike sikio kwenye chuma. Kwa hiyo kufunga mlango wa kontena si kazi ya mtu mwenye haraka ya kwenda kula.

Bibi alipopata nguvu siku iliyofuata, kontena likapangwa upya. Kiti chake hakikurudi humo. Kilifungwa juu ya gari dogo kwa mipira ya tyubu, nilikifunga mwenyewe, na yeye akakaa kiti cha mbele, dirisha wazi, mwavuli mkononi. Mtaa ulijaa watu, maana habari ilikuwa imeshavuka barabara na kurudi.

Erasto akasimamisha magodoro. Akashika mlango, halafu akauacha. Akatugeukia, akaweka kidole mdomoni, uani pote pakanyamaza. Akapiga bati kwa kiganja.

"Hodi humu ndani!"

Nilikuwa namwona Bibi nyuma yake, amekaa pale mbele ya gari, mzima, ananiona na mimi. Pamoja na hayo nikajikuta nimetega sikio.

Bibi Kabula akatoa kichwa dirishani.

"Leo humo simo," akasema. "Fungeni."